Kabla hujachinja Landrova za urithi: ipi ivunjwe, na spea zipi zisiende skrepa

Swali

*Shikamoo, fundi. Marehemu baba alituachia Landrova 109 tatu (zile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli), zimekaa nyuma ya nyumba huku Mufindi. Moja ni pikapu ya petroli ya zamani, ile ambayo taa kubwa zake ziko katikati, ndani ya wavu wa mbele. Ya pili ni pikapu ya dizeli, Series III, yaani toleo la tatu. Ya tatu ni stesheni wagoni, nayo Series III, ila haina injini. Fundi wetu anasema tuchinje mbili tutengeneze moja, na masalia tuuze kama spea kwa sababu spea za mashine hizi zimekuwa adimu. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye kila wiki yuko mlangoni. Tuanzie wapi, na kitu gani tusikiachie?*

Jibu

Marahaba, kijana wangu, na poleni sana kwa msiba.

Fundi wenu yuko sahihi. Landrova tatu zilizokufa zinaweza kabisa kutoa moja inayotembea, na masalia yakauzika. Ila kuna neno limenishtua katika barua yako. Umeitaja stesheni wagoni kwamba "haina injini" kana kwamba hukumu yake imeshatoka. Mimi kwa kuisikia tu, kabla sijaiona, nakwambia hiyo ndiyo ya mwisho kuguswa na spana. Injini ndicho kitu chepesi kuliko vyote kupatikana kwa mashine hizi. Landrova nyingi huku kwetu zinatembea na injini za Toyota au Nissan tumboni, na hakuna anayesema zimekufa. Kigumu kupata ni chuma na bati lenye umbo lake: chesisi iliyo nzima, ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva, paa, milango ya abiria wa nyuma, fremu ya kioo cha mbele. Vitu hivyo kwa fundi wa kawaida ni "bodi tu", na ndivyo vinavyoishia kwenye mizani ya skrepa huku injini iliyochoka ikifunikwa turubai kama mali.

Kwa hiyo gari la kuchinja usilichague kwa umri wala kwa injini. Lichague kwa chesisi na ukuta wa mbele.

Sababu yake iko kwenye historia. Landrova ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita. Bodi ikatengenezwa kwa aina ya alumini inayoitwa Birmabright, na chuma kikabaki kwenye chesisi, ukuta wa mbele, fremu za milango na sehemu chache nyingine. Ndiyo maana gari lililolala uani miaka mingi kwa mbali linaonekana zima. Madigadi hayana kutu, boneti imenyooka, lakini chini kumeoza. Na pale alumini inapokutana na chuma, maji yakiingia katikati, alumini inaanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Ukiuona unga huo kwenye ukingo wa chini wa mlango, ujue fremu ya ndani nayo iko njiani.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi ya zamani, ingia chini ya kila gari. Chesisi nzima ukiigonga inalia, iliyooza inatoa sauti butu, na bisibisi inazama. Gonga boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, maana tope hujaa ndani yake. Gonga mikono inayotoka ubavuni mwa chesisi kushika ukuta wa mbele na tangi. Gonga zaidi pale springi za nyuma zinapofungwa. Kisha panda juu uangalie ukuta wenyewe: sakafu ya miguu ya dereva na abiria, nguzo za milango kwa chini, na kona mbili za juu pale fremu ya kioo inapokalia. Sakafu ya miguu ikiwa imetoboka si hoja, mchomeleaji ataweka bati jipya. Kona za juu na nguzo za milango zikiwa zimekwenda, hapo kazi ni kubwa, kwa sababu nguzo ikihama kidogo tu mlango haufungi tena maishani.

Kabla ya hapo au baada ya hapo, andika namba. Kwenye Series II na III namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi ya mbele inaposhikwa. Sugua kwa brashi ya waya, usitumie grenda. Tarakimu tatu za mwanzo zinasema gari ni la aina gani. Pikapu yako ya zamani nategemea ianze na 252, yaani Series IIA ya 109, petroli, usukani wa kulia, ya kuuzwa nje ya Uingereza. Tarakimu ya tatu ikiwa 3, gari lilisafirishwa vipande likaunganishwa nchi nyingine. Series III za petroli za aina hiyohiyo zinaanza na 912, na zile za kuanzia mwishoni mwa 1979 zina namba ndefu inayoanza na SAL. Herufi iliyo mwisho wa namba za zamani usiidharau hata kidogo. Kiwanda kilikuwa kikibadilisha kifaa kinaongeza herufi, na muuza spea aliyeko mbali atakuuliza hiyo kwanza. Namba ya injini itafute upande wa kushoto wa bloku, kwa mbele, karibu na manifoldi. Ikitofautiana na ya kwenye kadi, usishangae, ila iandike.

Sasa uamuzi. Kama chesisi ya stesheni wagoni haijaoza mahali pabaya, hiyo ndiyo ya kufufua, na pikapu ya dizeli ndiyo ya kuchinjwa, injini na giaboksi yake vihamie huko. Stesheni wagoni ya 109 ina milango mitano, ina madirisha madogo kwenye mzingo wa paa, tangi lake liko nyuma tofauti na la pikapu lililo chini ya kiti, na kama ilikuja kwa ajili ya nchi za joto basi ina paa la tabaka mbili lenye nafasi ya kupitisha hewa katikati na vitundu vya kufungua kwa ndani. Paa hilo Ulaya watu wanalitafuta kwa tochi. Ukilikata ukafanya bati la banda la kuku, hutalipata tena kwa bei ya kibinadamu. Najua fundi atasema ile dizeli haina nguvu. Kweli, ni farasi 62 tu kutoka kwenye sentimita za ujazo 2286, na milima yenu ya Mufindi ataipanda kwa gia ya pili akisali. Lakini itakuwa imeingia bila kukata wala kuchomelea chochote, na kesho mkitaka injini nyingine mtaibadilisha kwa raha.

Ile ya zamani iacheni. Iingizeni chini ya paa, mziinue ekseli kwenye magogo, mfunike. Taa zikiwa bado ndani ya wavu, gari hilo ni la kabla taa hazijahamishiwa kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960, na kila mwaka zinapungua. Mkija kuikuta chesisi yake ni unga mtupu, hapo nayo itachinjwa, lakini kwa adabu: dashibodi ya katikati pamoja na mita zake za Smiths, wavu wa mbele, paneli ya taa, usukani, vitasa, bawaba, vibati vya majina na maelekezo vilivyopigwa ripiti. Vibati hivyo mtoto huvitoa kwa bisibisi kwa dakika moja akachezea.

Pikapu ya dizeli msiivunje ikiwa kimya. Iwasheni kwanza, au walau izungusheni. Gari likiwa zima bado linaweza kukuambia kipi kibovu, likishakuwa vipande sakafuni utabaki kubahatisha na kila mnunuzi atakupunguzia bei. Weka betri nzima, badilisha dizeli, toa hewa kwenye pampu, jaribu. Ikiwaka, iache ipate moto, angalia moshi, angalia presha ya oili, ingiza gia zote moja moja na zile mbili za fowili. Series III ina sinkro, kile kifaa kinachofanya gia iingie bila kulia, kwenye gia zote za mbele. Series IIA inazo ya tatu na ya nne tu, kwa hiyo ile ya zamani ikilia unapoingiza ya kwanza huku gari linatembea, si ugonjwa. Kisha mwaga oili ya giaboksi kwenye beseni safi, uiangalie juani. Ikimeta kama dhahabu, ringi za sinkro za shaba zinaliwa. Ukipitisha sumaku ikatoka na chembe za chuma, kuna beringi au meno yanayokufa. Andika matokeo kwa kalamu ya rangi kwenye kifaa chenyewe. Injini ikiwa ya kabla ya 1980 ina beringi kuu 3 za kranki shafti, baada ya hapo ni 5, na kranki ya moja haiingii kwenye nyingine. Hilo nalo liandikwe, litakuokoa na ubishi.

Ile ya petroli pia mnaweza kuipima bila kuiwasha. Toa plagi nne, tia oili kidogo kila silinda, iache ilale usiku kucha, kisha rudisha plagi uizungushe kwa hendeli kupitia tundu la bampa. Utahisi kwa mkono kompresheni nne zikipishana, na ile dhaifu utaijua. Tahadhari moja: Landrova za kabla ya 1967 hivi zilikuwa na waya wa pozitivu ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya sasa. Soma waya kabla hujaunga betri, la sivyo dainamo itateseka bure.

Siku ya kuchinja ikifika, maneno ya kwanza kumwambia fundi ni: gesi na grenda zikae mbali. Gari hili liliunganishwa kwa bolti na linatoka kwa bolti. Alumini ni adui mkubwa wa moto wa gesi, kwa sababu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Unaiona iko vilevile, ghafla inamwagika. Na vile vyuma vyenye mng'aro wa kijivu kwenye kingo za bodi vimepakwa zinki. Ukivichoma vinatoa moshi mweupe unaoleta homa usiku, mafundi wengi wanaipata wakidhani ni malaria.

Spana zitawasumbua. Bolti nyingi ni za inchi, na si za aina moja: kwenye bodi na injini utakuta nyuzi za UNF, lakini kwenye ekseli na giaboksi utakutana na BSF za zamani. Spana ya 13 inaingia kwa kulegea kidogo kwenye kichwa cha nusu inchi, na 19 inakaa vizuri kwenye robo tatu, ndiyo maana mafundi wanajipa moyo. Lakini kichwa cha tisa chini ya kumi na sita ni milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inakimbiza pembe. Azimeni seti ya inchi hata kwa kulipia. Nati iliyozungushwa pembe inawarudisha kwenye grenda niliyokataza. Na msichanganye bolti. Kila kitu kinachotoka, bolti zake zirudishwe palepale kwenye tundu zake na kufungwa kwa vidole. Isipowezekana, ziende kwenye kopo lenye maandishi ndani na nje, maana maandishi ya nje yanafutika na oili.

Sehemu itakayowatia hasira ni bolti za springi. Bolti inapita ndani ya mrija wa chuma, mrija umezungukwa na mpira, mpira uko kwenye jicho la springi. Miaka ikipita, bolti na mrija vinashikana kwa kutu vinakuwa kitu kimoja. Unafungua nati inatoka vizuri, unashangilia, halafu bolti inazunguka pamoja na mpira siku nzima bila kusogea hata unywele. Hapo ndipo fundi anapoita gesi. Mpira unawaka, moshi mweusi, na kama ni upande wa chesisi, chuma cha chesisi kinaungua na kulegea. Fanya hivi: wiki nzima kabla, loanisha bolti zote asubuhi na jioni kwa mafuta ya kupenyeza. Legeza nati gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake. Ukiona bolti inazunguka na mpira, acha kupigana nayo. Ingiza wembe wa msumeno wa chuma kwenye upenyo kati ya jicho la springi na sikio la chesisi, ukate bolti pande zote mbili. Ni kazi ya jasho, lakini bolti na bushi mpya zinauzwa na ni za bei ndogo, chesisi nzima ni ngumu kupata. Springi zenyewe zifungeni waya na kuandika upande: za dereva na za abiria hazilingani kwa urefu wa mpinde, na ukizichanganya gari litaegemea upande mmoja.

Kuna kifaa kimoja, relei ya stelingi, ambacho hamtakifungua, kitoeni kizima mkiweke. Kimesimama ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, nyuma ya wavu, kinapokea mkono wa stelingi na kuupeleka kwenye magurudumu. Kwa nje ni kopo la chuma lisilo na maneno. Ndani kuna springi nene iliyobanwa, na ukifungua bila kibano inatoka kwa nguvu ya kuvunja taya. Halafu kifaa chenyewe hukwama kwenye boriti kwa kutu, watu wanakipiga nyundo kubwa kwa juu hadi mhimili unatanuka kichwa na kuharibika. Loanisha, kigonge kwa kipande cha mbao ngumu kutoka chini kwenda juu, subiri, rudia kesho. Gari si ng'ombe wa shughuli kwamba likichinjwa lazima nyama iishe siku hiyohiyo.

Tangi la mafuta litoke mapema, likae mbali na moto. Tangi tupu ndilo linaloua, kwa sababu ni mvuke unaolipuka. Brekishu na sahani ya klachi za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Msipulize vumbi lake kwa kompresa wala kwa mdomo. Lowesheni kwa maji ya sabuni, futeni kwa kitambaa kinachotupwa.

Vinginevyo utaratibu ni wa kawaida. Paa, fremu ya kioo, milango, boneti, madigadi, paneli ya taa pamoja na rejeta, kisha sanduku la viti, ndipo injini na giaboksi vitoke pamoja kwa juu. Ukuta wa mbele ubaki karibu na mwisho, na kabla haujatoka, chomelea au funga kwa bolti kipande cha chuma cha pembe kati ya nguzo mbili za milango ili upana usihame. Nyaya msizikate. Zitoeni nzima, kila ncha ikiwa na karatasi ya gundi inayosema ilikuwa wapi, hata kama zimechakaa, maana mtu wa umeme atakayetengeneza mpya anahitaji urefu na njia. Injini inapohamia stesheni wagoni ichukueni na kila kinachoandamana nayo: mpira wa mauntingi, bomba la ekzosi, kichujio cha hewa na cha dizeli, mirija ya kurudishia mafuta, nyaya na fito za mafuta ya mguu, swichi ya plagi za moto. Injini ya dizeli inayouzwa bila vitu hivyo ni mzigo. Pampu yake ni CAV DPA, ndugu wa zile zilizoko kwenye matrekta yenye injini za Perkins, kwa hiyo msiipeleke mbali. Fundi pampu wa matrekta ya mashamba ya chai anaijua kama mfuko wake.

Ekseli ya nyuma ya Series III ya 109 kwa kawaida ni ya Salisbury, nzito, na ina nguvu kuliko ile ya Rover iliyo kwenye IIA. Ni spea nzuri, lakini itoke na propela shafti yake, kwa sababu ya IIA itakuwa ndefu mno. Hafu shafti za ekseli za Rover zilizo nzima tunzeni zote, hizo huvunjika. Kuna Landrova za 109 zenye injini ya silinda sita ya sentimita za ujazo 2625. Nyie hamna, lakini mkikutana nayo kijijini kwa mtu msiivunje, spea zake ni shida hata Uingereza.

Kuna vitu msipoteze muda kuvitoa kwa upole. Silinda za breki za magurudumu, mabomba ya mpira, oili sili, bushi, beringi za magurudumu, klachi pleti, vyote bado vinatengenezwa vipya, na vya breki kuvitumia vikuukuu ni kucheza na roho za watu. Ila kabla hamjatupa, wekeni kimoja kimoja kama sampuli. Ukienda Gerezani pale Dar es Salaam au Grogan kule Nairobi, muuzaji anataka alinganishe kwa mkono, maelezo ya simu hayatoshi. Kinyume chake, stata na dainamo za Lucas hata zikiwa zimekufa ziwekwe. Mafundi wa kufunga waya wanazifufua, na mara nyingi zinadumu kuliko mpya za bei rahisi zenye sura ileile.

Kuhusu kuhifadhi nitasema kidogo. Giaboksi na difu zibaki na oili ndani, kila tundu lizibwe kwa kitambaa chenye grisi, hasa dhidi ya nyigu wa tope. Silinda hedi ilale bapa juu ya mbao, kranki isimame wima. Vioo visimame, visilale. Na milango isiegemezwe ukutani nje, maji yataingia kwa chini na kumaliza fremu iliyokuwa nzima.

Sasa la karatasi, ambalo ndugu wengi wanaliona baada ya ugomvi. Magari yakiwa bado kwa jina la marehemu, wewe na fundi hamna haki ya kuyavunja wala kuuza hata bampa hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Baada ya hapo msimamizi ndiye anayehamisha umiliki, na kwa gari litakalovunjwa ndiye anayekwenda TRA (mamlaka ya mapato) na kadi ili lifutwe kwenye daftari la usajili. Injini ikihama kutoka gari moja kwenda lingine, kadi ya stesheni wagoni irekebishwe namba ya injini, la sivyo trafiki wa kwanza makini atawakalisha kituoni. Na fundi akija na wazo la kukata kile kipande cha chesisi chenye namba akichomelee kwenye gari lingine, mkatalieni palepale: hapo si spea tena, ni jinai. Kila mnunuzi wa spea aandikiwe risiti yenye jina, tarehe na kifaa alichochukua.

Kwenye bei sitakutajia namba, zinatofautiana mno kati ya Iringa, Arusha na mnunuzi wa Ulaya. Ila msiuze kwa kilo kitu chochote chenye umbo. Viuzeni kwa jozi: bawaba mbili, taa mbili za pembeni, viti vitatu vya mbele pamoja. Mpige picha ya namba iliyochongwa au kumwagwa kwenye chuma, si ya kifaa kizima pekee. Na msiuze spea yoyote inayofanana na za stesheni wagoni kabla haijatembea na kurudi nyumbani yenyewe mara kadhaa. Ikipoteza kitasa, ikapasuka kioo au ikavunja hafu shafti, hiyo pikapu iliyochinjwa ndiyo stoo yenu.

Yule wa skrepa mwambieni asubiri. Wakati wake ukifika mpeni chesisi ya pikapu iliyofutwa usajili, fremu za milango zilizooza, ngoma za breki zilizokwisha na bloku ikiwa imepasuka. Alumini itengwe na chuma kabla hajafika na ipimwe peke yake, kwa sababu kilo yake ina bei kubwa kuliko ya chuma, na akikuta vimechanganyika atavipima vyote kama chuma.